Mwasi Anayepiga Magoti: Haki na Jambazi Shujaa Katika Filamu za Zamani

Mtu mmoja anaingia katika ukumbi wa ngome ya Nottingham na kulungu mzima mabegani. Ukumbi umejaa makabaila wanaokula na kunywa, na kwenye kiti cha heshima amekaa Mwanamfalme John, mdogo wa mfalme wa Uingereza. Yule mtu anapita katikati yao, anamtupa kulungu mezani mbele ya John, kisha anavuta kiti na kuanza kula. Kumuua mnyama huyo bila ruhusa ya mfalme ni kosa la kifo, na hakuna asiyelijua hilo ukumbini. Kabla hajapigana na askari na kutoroka, amekwisha kuwaambia wenyeji wake kinagaubaga kwamba atawaongoza wanaoonewa kuwapinga.

Hiyo ni The Adventures of Robin Hood, filamu ya mwaka 1938 ya studio ya Warner Bros., iliyoongozwa na Michael Curtiz na William Keighley, stelingi akiwa Errol Flynn katika nafasi ya Robin Hood, jambazi wa hadithi za Kiingereza anayewanyang'anya matajiri na kuwapa maskini. Nimeifanya mhimili wa makala hii kwa sababu ndani yake fundo la jambazi shujaa linaonekana waziwazi kuliko katika filamu nyingine za zama zake. Fundo lenyewe ni hili: filamu hizi hutufanya tumpende mvunja sheria, tena hutupa sababu nzuri za kumpenda, kama vile kodi inayokamua, askari wanaochoma nyumba na hukumu inayotolewa kabla ya kesi. Lakini zikifika mwisho, mwasi yuleyule anapiga magoti mbele ya mfalme, anapewa cheo, na utawala unaendelea kama ulivyokuwa. Je, ni filamu za kudai haki, au za kuwatuliza wanaoidai?

Naamini ni zote mbili, na kwamba mtazamaji anaweza kuzitenganisha akijua nani alilifunga fundo hilo, lini, na kwa nini.

Kulungu na kichwa cha mbwa mwitu

Watazamaji wengi humchukulia yule kulungu kuwa pambo la hadithi. Kumbe ndiye kiini chake. Baada ya Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, wafalme wao walitenga maeneo makubwa yaliyoitwa misitu ya mfalme. Hayakuwa miti mitupu, kwani mlikuwamo vijiji na mashamba pia. Ndani ya mipaka hiyo wanyama wa kuwindwa walikuwa wa mfalme, na mkulima ambaye mazao yake yameliwa usiku hakuwa na ruhusa ya kumgusa mnyama aliyeyala. Aliyekamatwa aliweza kupofushwa, kukatwa kiungo, au kuuawa. Sheria hizo zilichukiwa mno hata zikafika kwenye siasa za juu kabisa: mwaka 1217, miaka 2 baada ya Magna Carta, mkataba ulioyawekea mipaka madaraka ya mfalme, ulitolewa Mkataba wa Misitu uliotamka kwamba tangu hapo hakuna mtu atakayepoteza uhai au kiungo kwa sababu ya nyama ya mfalme. Atalipa faini, na asiyekuwa na kitu atafungwa mwaka mmoja na siku moja. Kwa hiyo Robin anapomtupa kulungu mezani, anauliza swali ambalo watu halisi walilipigania kwa vizazi: nani aliwapa wachache haki ya kumiliki kitu ambacho hakuna binadamu aliyekiumba, na wenye njaa wakitazama?

Nalo neno la kumtangaza mtu kuwa yuko nje ya sheria lilikuwa na uzito ambao leo ni rahisi kuusahau. Aliyeitwa mahakamani mara kadhaa asitokee alitangazwa hivyo, na mali yake ikatwaliwa. Hakuwa na mahakama ya kumsikiliza, hata akidhulumiwa vipi. Katika zama za kale walisema mtu huyo amebeba kichwa cha mbwa mwitu, yaani yeyote aliyekutana naye aliweza kumuua kama anavyoua mnyama, asiulizwe na mtu. Mwizi wa kawaida amevunja sheria lakini bado yumo ndani yake. Sheria itamkamata na kumhukumu. Huyu wa pili sheria yenyewe imemfukuza. Kutoka hapo ndipo shujaa wa filamu hizi anapata hoja yake kuu: kama sheria hainilindi, nadaiwa nini nayo?

Ni hoja nzito. Na ndiyo iliyowatia Hollywood kazini.

Hasira ya mjini yavishwa nguo za kijani

Marekani ya miaka ya 1930 ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi. Mwaka 1933, kiasi cha mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Mabenki yalifungwa na akiba za watu ndani yake, na wakulima walinyang'anywa mashamba kwa kushindwa kulipa mikopo. Kwenye sinema za mwanzoni mwa muongo huo, shujaa aliyewavuta watu alikuwa jambazi wa mjini mwenye kofia na bunduki. James Cagney alipata umaarufu wake mwaka 1931 kwa kuigiza mtu wa aina hiyo. Vikundi vya kidini na vya kiraia vikalalamika kwamba sinema zinawafundisha vijana uhalifu.

Studio zilikuwa tayari na kanuni zao za maadili tangu mwaka 1930, lakini hazikuwa na meno. Mwaka 1934 zikapewa meno. Iliundwa ofisi chini ya Joseph Breen, na filamu ya studio kubwa isiyo na kibali chake haikuonyeshwa katika majumba ya sinema yaliyokuwa yakileta fedha. Kanuni hizo zilikataza huruma ya mtazamaji kuelekezwa upande wa uhalifu, na zilikataza sheria, iwe ya maumbile au ya wanadamu, kudhihakiwa au wavunjaji wake kuonewa huruma. Zisome tena huku ukimfikiria Robin Hood. Kwa maneno hayo filamu yake ingekataliwa kabla ya kamera ya kwanza kuwashwa.

Haikukataliwa. Warner Bros. walitumia karibu dola milioni 2, fedha ambazo studio hiyo haikuwa imewahi kutumia kwa filamu moja, na wakaipiga kwa rangi za Technicolor wakati filamu nyingi zilikuwa bado nyeusi na nyeupe. Msitu wa Sherwood, maficho ya Robin, ulipatikana katika bustani ya Bidwell, mji wa Chico, California. Na mwigizaji wa kwanza kufikiriwa kwa nafasi ya Robin, mwaka 1935, alikuwa James Cagney mwenyewe. Aligombana na studio juu ya mkataba wake akaondoka, na nafasi ikamwendea Flynn, kijana kutoka Tasmania. Kwangu, jambo hilo linaeleza mengi. Ile hasira ya mitaa ya Chicago na New York haikuzimwa na Breen. Ilirudishwa nyuma karne 7 na kuvishwa nguo za kijani.

Iliwezaje kupita? Kwa hila moja ambayo ukiishaiona utaikuta kila mahali. Filamu haisemi kwamba sheria ni mbaya. Inasema kwamba anayeishika hana haki ya kuishika. Mfalme halali, Richard, yuko mbali, ametekwa akirudi kutoka vitani. John, mdogo wake, amejitwalia madaraka. Hapo kila mshale wa Robin unakuwa utiifu kwa mfalme asiyekuwepo, na mvunja sheria halisi ni yule aliyekaa kwenye kiti. Breen angepinga nini? Jambazi huyu ni mzalendo kuliko serikali.

Tazama inavyofanya kazi katika tukio la hazina. Robin na wenzake wameuteka msafara wa Sir Guy wa Gisbourne, mtu wa John, uliobeba kodi zilizokamuliwa vijijini. Kuna karamu kubwa msituni. Robin anawauliza watu wake hazina hiyo ifanyiwe nini, na wote wanapaza sauti kwamba ni ya Richard, ni ya kumkombolea mfalme. Marian, binti wa ukoo wa Kinormani ambaye mpaka dakika hiyo alimwona Robin kuwa mwizi tu, anabadilika moyo hapo. Hebu tufuate dhahabu. Imetoka kwa wakulima. Imeporwa na watu wa John. Imeporwa tena na Robin. Haiendi kwa wakulima, inaahidiwa mfalme. Wenye njaa wanapata nyama na hifadhi, jambo ambalo si dogo kwa mwenye njaa, lakini fedha yao imebadilisha mabwana tu.

Historia yenyewe inaumiza zaidi. Richard halisi alitawala kuanzia 1189 hadi 1199, na katika miaka hiyo 10 alikaa Uingereza kama miezi 6 tu. Alikamatwa karibu na Vienna mwishoni mwa mwaka 1192, na fidia iliyotakiwa ilikuwa mark 150,000, fedha ya zama hizo. Ili kuipata, mwaka 1193 watu walitozwa robo ya mapato na mali zao zinazohamishika. Kwa maneno mengine, ile kodi kubwa ambayo filamu inamtwika John, na inayotufanya tumchukie, katika maisha halisi ilikuwa ya kumrudisha mfalme mwema.

Ukiishapata ufunguo huo, filamu nyingine zinafunguka haraka. Katika The Mark of Zorro ya mwaka 1940, Tyrone Power ni Don Diego anayerudi California kutoka Madrid na kukuta baba yake ameondolewa kwenye ukuu wa Los Angeles na tapeli mwenye uchu wa kodi. Anavaa barakoa, anawatetea vibarua wa mashambani, na mwishoni baba yake anarudishiwa cheo. Hakuna anayeuliza kwa nini vibarua hao wanalima ardhi ya familia chache. Hata sura zinajirudia: Eugene Pallette, aliyekuwa Padri Tuck wa Robin, hapa ni padri tena, na Basil Rathbone, aliyekuwa Sir Guy, hapa ni nahodha mwovu na anakufa tena kwa upanga.

Robin wa zamani hakukaa ikulu

Inafaa kujua kwamba Robin hakuzaliwa kabaila. Anatajwa kwa mara ya kwanza katika shairi la Kiingereza la miaka ya 1370, pale padri mvivu anapokiri kwamba hajui vizuri sala ya Baba Yetu lakini anajua tenzi za Robin Hood. Katika utenzi mrefu wa zamani uliochapishwa karibu na mwaka 1500, Robin ni mtu huru wa tabaka la kati, si bwana wala mtumwa. Anawaagiza wenzake wasimdhuru mkulima anayelima kwa plau yake, bali wawashughulikie maaskofu na liwali wa Nottingham. Anamkopesha mtu mmoja pauni 400 ili asinyang'anywe ardhi yake na abasia (makao ya watawa) inayomdai. Huyo ni Robin anayezijua shida za mikopo na ardhi kwa undani.

Na mwisho wake! Katika utenzi huo naye anakutana na mfalme, jina lake Edward, aliyekuja msituni amejigeuza abati, yaani mkuu wa watawa. Naye anapiga magoti, anasamehewa, anachukuliwa kwenda kuishi ikulu. Lakini hakai huko hata mwaka na nusu. Fedha zinamwishia, moyo unaukumbuka msitu, anaomba ruhusa ya siku 7 na harudi tena. Anaishi msituni zaidi ya miaka 20, hadi kifo chake.

Mwisho huo ulifutwa polepole. Mwaka 1598 mwandishi wa tamthilia Anthony Munday alimpandisha Robin cheo akawa mwinyi aliyedhulumiwa. Tangu hapo anachopigania mtu huyu ni kurudishiwa kilicho chake. Baadaye, katika riwaya ya Walter Scott iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1819, mgogoro ukawa wa makabila: Wasaksoni wenyeji dhidi ya Wanormani wavamizi. Filamu ya 1938 ilirithi vyote viwili, umwinyi wa Munday na makabila ya Scott, ikauacha ule utenzi wa mtu anayeiacha ikulu kwa hiari yake. Kuelekea mwisho wa filamu Richard anavua joho lake la kujificha, msitu mzima unapiga magoti, na Robin anafanywa mwinyi wa Sherwood na Nottingham, mahali palepale alipoanzia kumpinga liwali.

Yaliyopita chini ya pua ya Breen

Hata hivyo siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba filamu hii ni dawa ya usingizi tu. Waandishi wake, Norman Reilly Raine na Seton I. Miller, waliacha ndani yake maneno ambayo hila ya mfalme mwema haiwezi kuyabeba.

La kwanza ni lile la Marian msituni. Robin anamtoa kwenye kelele za karamu na kumwonyesha watu waliokaa pembeni: wazee, wajane, watu waliochomewa nyumba na kuteswa. Muziki unashuka, na kamera haina haraka. Kwa dakika hizo filamu inaacha kuwa mchezo wa panga. Marian anauliza kwa nini yeye, mtu mwenye cheo, ameamua kuishi hivi, na mazungumzo yao yanafika kwenye suala la kabila. Robin anamjibu kwamba anachokichukia ni dhuluma, wala si Wanormani. Kwa sentensi hiyo moja filamu inaukana mgogoro wa makabila iliourithi kwa Scott. Na ilisemwa wakati gani? Filamu ilitoka Mei 1938. Mtunzi wa muziki wake, Erich Wolfgang Korngold, Myahudi wa Vienna, alikuwa Hollywood akiiandikia muziki pale majeshi ya Hitler yalipoingia Austria mwezi Machi mwaka huohuo. Mali zake kule zilichukuliwa. Maisha yake yote baadaye alisema filamu hiyo ndiyo iliyomwokoa. Tangu niujue mkasa huo, vipande vya askari wakivunja milango ya wanakijiji nimevitazama kwa macho mengine.

La pili ni zito zaidi. Richard, akiwa bado amejificha katika nguo za abati, anasikia kutoka kinywani mwa Robin kwamba wa kulaumiwa ni mfalme Richard mwenyewe: kazi yake ilikuwa nyumbani, kuwalinda watu wake, si kuwaacha aende kupigana nchi za mbali. Akiulizwa kama anathubutu kuilaani vita takatifu, Robin anajibu kwamba analaani chochote kinachoacha kazi ya kuilinda Uingereza mikononi mwa watu waliofukuzwa na sheria kama yeye Robin. Hapo mfalme mwema anapewa sehemu yake ya lawama. Ni muda mfupi, na magoti yanafuata punde. Lakini maneno yamekwisha kusemwa, na mtazamaji ameyasikia mbele ya mfalme mwenyewe.

Pasipo na mfalme

Sasa ondoa mfalme uone. Mwaka 1939 studio ya Twentieth Century-Fox ilitoa Jesse James, iliyoongozwa na Henry King, Tyrone Power akiwa ndiye Jesse. Kampuni ya reli inawalazimisha wakulima wa Missouri kuuza mashamba kwa bei ya kutupa. Mama yake Jesse anauawa. Jesse anaanza kupora treni. Watazamaji waliokuwa wamenyang'anywa mashamba yao miaka michache kabla hawakuhitaji kuelezwa maana yake. Lakini hii ni jamhuri, na zama ni za karibu. Hakuna mfalme aliyetekwa ambaye Jesse anaweza kudai kumtumikia. Reli iko mahali pake kisheria. Kwa hiyo msemo wa watazamaji wetu kwamba stelingi hafi unavunjwa: Jesse anapigwa risasi kutoka nyuma na Bob Ford, kama alivyopigwa Jesse halisi tarehe 3 Aprili 1882. Kanuni zilitaka jambazi wa Kimarekani alipe, na akalipa.

Jesse halisi alistahili huruma kidogo kuliko huyo. Familia yake ilimiliki watumwa, yeye alikuwa mpiganaji wa msituni wa upande uliotaka utumwa uendelee, na hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuwagawia maskini alichopora. Filamu inaanzia kwenye reli, na vita vyote vya nyuma yake vimeachwa nje.

Waliokulia kwenye filamu za Kihindi katika majumba ya sinema ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam wanaujua mwisho wa namna ya tatu. Katika Mother India ya mwaka 1957, Birju anageuka jambazi kwa sababu ya mkopeshaji aliyeifilisi familia yake kwa riba isiyosomeka. Hoja yake ni ya kweli tupu. Lakini anapomteka binti wa mkopeshaji, mama yake mzazi, Radha, anamfyatulia risasi. India ilikuwa huru kwa miaka 10 tu, sheria sasa ilikuwa yao, na heshima ya binti huyo ilikuwa heshima ya kijiji. Sijaona filamu ya Hollywood ya zama hizo iliyothubutu kuuliza swali hilo kwa ukali huo: mwasi afanyweje pale utawala ni wetu wenyewe na dhuluma ingalipo?

Mwanahistoria Eric Hobsbawm, katika maandishi yake ya 1959 na 1969, aliwaita watu wa namna hii majambazi wa kijamii. Dola huwaona wahalifu, na wakulima wenzao huwaona watetezi. Alieleza pia kwamba kwa kawaida hawana mpango wa dunia mpya. Wanataka ile ya zamani irudi ilivyokuwa, yenye haki. Mwaka 1972 Anton Blok alimpinga, akisema majambazi wengi halisi waliwatumikia wenye nguvu na kuwatisha wakulima haohao. Nadhani Blok ana haki kuhusu watu, na Hobsbawm ana haki kuhusu hadithi. Jesse hakuwa mtetezi. Lakini watu kumwimba kama mtetezi ni ushahidi wa kitu walichokikosa.

Nani anaruhusiwa kuwa jambazi shujaa

Kuna jambo ambalo filamu hizi hazikulikaribia kabisa, na Captain Blood ya mwaka 1935 inalifichua bila kukusudia. Ni Curtiz na Flynn tena. Peter Blood ni daktari wa Kiayalandi anayeishi Uingereza, anayehukumiwa mwaka 1685 kwa sababu alimtibu mwasi aliyejeruhiwa. Anasafirishwa hadi Port Royal, Jamaika, anauzwa mnadani kama mtumwa, anatoroka na wenzake, anakuwa haramia. Waasi wa mwaka huo kweli walipelekwa visiwa vya Karibi kwa mamia, kwa hiyo kisa kina mizizi. Lakini watumwa tunaowafuata, wenye majina, maumivu na hoja, ni wazungu. Mwishoni Mfalme James amepinduliwa, mfalme mpya anatoa msamaha, na Blood anafanywa gavana. Filamu inafungwa akiwa amekaa kwenye kiti cha gavana wa Jamaika, kisiwa ambacho wakati huo kilikwisha kuwa na Waafrika waliotumikishwa wengi kuliko wazungu. Kesho yake asubuhi nani atakata miwa? Kamera imekwisha kuzimwa.

Na Jamaika ilikuwa na majambazi mashujaa wake halisi. Waliitwa Maroon, Waafrika waliotoroka utumwa wakajenga vijiji milimani na kupigana na jeshi la Uingereza mpaka likaomba mkataba mwaka 1739. Cudjoe, kiongozi wao aliyetia saini, alikubali pia kuwarudisha watoro wapya, na hapo pana kisa kichungu cha kutosha filamu kumi. Nanny, kiongozi mwanamke wa upande wa mashariki, leo ni shujaa wa taifa na sura yake iko kwenye noti ya dola 500. Studio zilizokuwa na fedha za kujenga bandari nzima na merikebu hazikuwatazama watu hao.

Mwaka 1955 Robin Hood alirudi, safari hii kwenye televisheni ya Uingereza, Richard Greene akiwa stelingi. Mtayarishaji, Hannah Weinstein, alikuwa Mmarekani wa mrengo wa kushoto aliyehamia Ulaya. Wengi wa waandishi wake walikuwa wamefungiwa kazi Hollywood kwa kushukiwa ukomunisti, akiwamo Ring Lardner Jr., aliyefungwa mwaka 1950 kwa kukataa kujibu maswali ya kamati ya Bunge la Marekani. Waliandika kwa majina ya bandia. Ukijua hilo, vipindi ambamo wanakijiji wanabanwa wamtaje aliko Robin na hawamtaji vinasikika tofauti. Marekani kwenyewe, mwishoni mwa 1953, mjumbe mmoja wa tume ya vitabu vya shule ya jimbo la Indiana alikuwa ametaka Robin Hood aondolewe madarasani kwa kuwa kuwanyang'anya matajiri na kuwapa maskini ni ukomunisti. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Indiana walimjibu kwa kupaka manyoya ya kuku rangi ya kijani na kuyagawa chuoni. Waliomtaka aondolewe walikuwa wameielewa hadithi vizuri kuliko waliodhani ni mchezo wa watoto.

Wakati watoto wa Uingereza wanaanza kumshangilia Robin kwenye televisheni Septemba 1955, serikali yao ilikuwa na vita ya msituni nchini Kenya dhidi ya Mau Mau. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ilifanywa maeneo yaliyokatazwa, ambamo askari aliruhusiwa kumpiga risasi yeyote aliyemwona. Kichwa cha mbwa mwitu, katika karne ya 20. Kukutwa na risasi tu kulitosha kukunyongesha, na zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka hiyo. Waliokuwa msituni walidai ardhi. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957, na magazeti ya walowezi yalimwita gaidi.

Kisha mwenye kiti akabadilika. Desemba 1963, Kenya ilipopata uhuru, wapiganaji walitoka msituni na kukusanyika katika uwanja wa Ruring'u, Nyeri, wakaweka silaha chini na kupokea msamaha wa serikali mpya. Sehemu kubwa ya ardhi iliyoachwa na walowezi iliuzwa kwa mikopo, ikaenda kwa wenye uwezo wa kulipa, na wengi wa waliotoka msituni hawakuwa nao. Amri ya kikoloni iliyokiharamisha chama chao iliendelea kuwa sheria ya nchi huru kwa miaka 40, hadi mwaka 2003.